Maswali ya Wasomaji: Kwenda Kazini kwa Pikipiki Wakati wa Mvua na Baridi

Barua zinazoletwa kwenye safu hii hubadilika kufuatana na majira, na tangu mvua na baridi zianze nyingi zimekuwa zikiuliza jambo moja kwa sura tofauti: namna ya kufika kazini kwa pikipiki bila kulowa, bila kukakamaa na bila kuanguka. Nimechagua saba na kuzifupisha, na pale wasomaji kadhaa walipouliza jambo linalofanana nimejibu barua moja kwa niaba ya zote. Mavazi yamepewa nafasi kubwa kuliko injini, na nimefanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu mtu anayetetemeka huchelewa kushika breki, na anayeuliza kuhusu glavu anauliza pia kuhusu breki hata kama mwenyewe hajui.

*Ndugu mwandishi, natoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza na safari yangu huchukua takribani dakika arobaini. Nina jaketi zito, lakini nikifika kazini vidole vimekufa ganzi kiasi kwamba siwezi kufungua kufuli. Nimejaribu kuvaa glavu mbili, moja juu ya nyingine, na hali imekuwa mbaya zaidi. Wenzangu wanasema nivumilie, mwili utazoea. Je, ni kweli?*

Si kweli, na tafadhali usiwasikilize. Mwili unaweza kuzoea kiasi fulani cha baridi ya kukaa, lakini baridi ya pikipiki ni baridi ya upepo, na upepo huo unautengeneza wewe mwenyewe kwa mwendo wako. Kuna kanuni ya kukadiria jinsi upepo unavyoongeza makali ya baridi kwenye ngozi, ambayo Kanada na Marekani zilianza kuitumia mwaka 2001. Ukiitumia kwa asubuhi yenye nyuzijoto 10 za Selsiasi na mwendo wa kilomita 60 kwa saa, unapata kwamba ngozi iliyo wazi inapoteza joto kana kwamba hewa ina nyuzijoto 5. Ikiwa hewa yenyewe ina nyuzijoto 5, kwa mwendo huohuo ngozi huhisi kama iko chini kidogo ya sifuri. Hapo bado hujalowa.

Kinachovitia ganzi vidole si glavu peke yake. Mwili unapohisi kwamba kifua na tumbo vinapoteza joto, hubana mishipa ya damu ya mikono na miguu ili damu yenye joto ibaki karibu na moyo, mapafu na ubongo. Kwa hiyo mtu mwenye shingo wazi na jaketi linalopitisha upepo kwenye zipu anaweza kuvaa glavu bora kuliko zote sokoni na bado vidole vikafa ganzi, kwa kuwa damu haifiki huko. Glavu mbili zilizobana huongeza tatizo kwa njia nyingine: huminya mishipa midogo na kuondoa ile hewa tulivu iliyo kati ya ngozi na kitambaa, na hewa hiyo ndiyo inayotunza joto.

Anza basi na kiwiliwili. Vazi linalogusa ngozi liwe la sufu nyembamba au la poliesta ya michezo, si la pamba, kwa sababu pamba hushika jasho na kukaa nayo. Juu yake weka sweta jepesi, kisha jaketi ambalo kazi yake kubwa ni kuzuia upepo. Uzito wa jaketi haukusaidii kitu kama upepo unapita kwenye mishono. Asiye na jaketi la namna hiyo anaweza kutandaza magazeti kifuani chini ya zipu, mbinu ya zamani ambayo bado inafanya kazi vizuri. Shingo ifunikwe kwa skafu ya mviringo isiyo na ncha za kupeperuka. Ukishafanya hayo ndipo urudi kwenye mikono, ununue glavu moja nene ambayo vidole vinaweza kujikunja ndani yake bila kubanwa, na ambayo umeijaribu ukiwa umeshika usukani, si ukiwa umesimama dukani na viganja vimenyooka.

Kama hali bado ni ngumu, fikiria mifuko ya kukinga upepo inayofungwa kwenye mishikio ya usukani, ambayo mikono huingia ndani yake. Haina sura ya kupendeza na vijana huicheka, lakini kwa maoni yangu hakuna kifaa cha gharama ndogo kinachoikaribia. Mishikio yenye joto la umeme ni mizuri pia, ingawa hupasha kiganja wakati upepo unapiga mgongo wa mkono, na huweza kutumia wati 30 hadi 40. Kabla ya kuifunga kwenye pikipiki ndogo, muulize fundi kama chaji yake inatosha, la sivyo utafika kazini na mikono ya moto na betri iliyokufa.

Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzijoto 35 mtu amefikia hali ya hatari kitabibu, lakini uamuzi huanza kuharibika kabla ya hapo. Ukijikuta unasahau kuzima indiketa, unakosea gia au unatetemeka bila kuweza kujizuia, simama mahali penye kinga, utembeetembee na unywe kitu cha moto. Kutetemeka kukikoma huku hujapata joto lolote, hiyo si dalili ya nafuu. Omba msaada wakati huohuo.

*Mwandishi, nina koti la mvua la plastiki na suruali yake. Kila nikifika kazini nguo za ndani zimelowa, hasa kiunoni, mikononi na kwenye soksi. Je, ninunue lile la kitambaa cha kisasa kinachosemekana kupumua, ambalo bei yake ni mara kadhaa ya hili?*

Kwanza tutofautishe maji ya mvua na jasho. Ukilowa mgongoni na kwapani, hilo ni jasho. Ukilowa kiunoni, kwenye mapaja ya juu, mikononi na kwenye soksi, hiyo ni mvua, nayo inaingia kwa milango minne inayojulikana: shingo, vifundo vya mikono, mshono wa msamba na sehemu ya juu ya viatu. Barua yako inaonyesha kwamba tatizo lako ni milango, na koti la bei kubwa lenye milango wazi litakulowesha kama hili.

Suruali ya mvua lazima ishuke nje ya buti, isiingizwe ndani, vinginevyo buti huwa ndoo. Kwenye mikono hutegemea jinsi unavyokaa. Kwa aliye wima na mikono inayoteremka kuelekea usukani, mkono wa koti ufunike glavu ili maji yatiririke nje. Anayelala mbele huku mikono ikiinuka ajaribu kinyume chake. Pale msambani maji hukusanyika kwenye dimbwi dogo juu ya siti, na mshono usiozibwa kwa utepe huvuja hata kama kitambaa chenyewe ni kizima. Geuza suruali nje ndani uukague mshono huo. Kama utepe umebanduka, gundi ya kuzibia mishono inaweza kukuokoa msimu mzima.

Sasa, kitambaa kinachopumua. Mwaka 1969 Bob Gore, huko Marekani, aligundua namna ya kuvuta kwa ghafla plastiki iitwayo PTFE hadi ikawa utando wenye vitundu vidogo mno, ambavyo tone la maji haliwezi kupita lakini mvuke wa jasho unapita. Vitambaa vingi vya aina hiyo vilivyofuata vimejengwa juu ya wazo hilo au wazo la karibu nalo. Vinafaa sana kwa mtu anayekaa barabarani kutwa. Kwa safari fupi ya kwenda kazini na kurudi, plastiki ya kawaida iliyoshonwa vizuri inatosha, na fedha iliyobaki naona ingefanya kazi bora zaidi kwenye buti na tairi. Anayenunua kile cha kisasa ajue kwamba sabuni ya kawaida na uchafu hupunguza nguvu yake, na kwamba tabaka la nje linahitaji kurudishiwa dawa ya kuzuia maji mara kwa mara.

Kulowa si usumbufu tu. Maji hupitisha joto takribani mara 25 zaidi ya hewa, na ndiyo maana suruali ya jinzi iliyolowa huchukua joto la mapaja haraka kuliko mtu anavyotarajia. Vaa nguo za mvua kabla haijaanza kunyesha, ukiwa nyumbani au kituoni, kwa kuwa anayesubiri matone ya kwanza huishia kuzivaa juu ya nguo zilizokwisha kulowa. Na lile koti pana la kujitupia mabegani, lisilo na mikono, liachie watembea kwa miguu. Likishikwa na upepo hufunika taa, hufunika macho, na pembe zake huweza kunaswa na gurudumu au cheni.

*Tafadhali nisaidie kuhusu ukungu kwenye kioo cha helmeti. Ninavaa miwani pia, kwa hiyo asubuhi za mvua huwa ninaendesha kwa kukisia.*

Usiendeshe kwa kukisia hata mita mia moja, simama. Ukungu hutokea kwa sababu pumzi yako ina joto na unyevu, na kioo kimepozwa na upepo wa nje. Dawa ni kuiondoa pumzi hiyo au kukifanya kioo cha ndani kisipoe. Kwa la kwanza, hakikisha kizuizi cha pumzi kilicho juu ya pua kimefungwa, fungua matundu ya hewa ya kidevuni, na ukiwa kwenye foleni inua kioo kidogo. Skafu isipande hadi puani, maana huisukuma pumzi yote juu kwenye miwani. Kwa la pili, kuna kioo chembamba cha kubandika kwa ndani, ambacho wengi wanakijua kwa jina la Pinlock. Kingo zake za silikoni hufungia hewa kati ya vioo viwili, na kioo cha ndani hakipoi. Kama helmeti yako ina vishikizo vya kukipokea, kinunue kabla ya kitu kingine chochote.

Povu jembamba la sabuni laini, lililopakwa na kupanguswa hadi lisionekane, husaidia kwa muda mfupi kwenye kioo na kwenye miwani. Usitumie petroli wala dawa kali za kusafishia, kwa sababu vioo vingi vya helmeti ni vya polikaboneti na kemikali hizo huvidhoofisha bila kuonyesha dalili. Kioo chenye mikwaruzo kibadilishwe. Mchana hakikusumbui, lakini usiku wa mvua kila mkwaruzo hutawanya mwanga wa magari yanayokuja. Kioo cheusi hakina nafasi katika safari ya alfajiri.

*Shikamoo mwandishi. Nilianguka katika mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu, kwenye makutano, nikiwa kwenye mwendo mdogo kabisa. Nilikuwa naanza kukata kona, nikagusa breki ya mbele, gurudumu likaondoka. Tairi zangu si vipara. Sikuumia sana, ila tangu siku hiyo siiamini breki ya mbele na ninatumia ya nyuma tu. Je, nafanya sawa?*

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Jibu la swali lako la mwisho ni hapana, na nitaeleza kwa nini, lakini tuanze na barabara yenyewe.

Wakati wa kiangazi lami hujikusanyia oili inayodondoka kwenye magari, vumbi la raba za tairi na uchafu mwingine. Mvua ya kwanza haina maji ya kutosha kuvisomba. Huvichanganya tu na kuvifanya utelezi mwembamba, na mvua ikiendelea kwa nguvu barabara husafishika na kushika vizuri zaidi. Dakika zile za mwanzo ndizo mbaya, na mahali pabaya zaidi ni palepale ulipoangukia, kwa sababu kwenye makutano magari husimama na kudondosha oili katikati ya njia. Ongeza rangi ya vivuko vya watembea kwa miguu na mishale iliyochorwa, ambayo ikilowa huteleza kuliko lami iliyoizunguka. Mifuniko ya chemba, mabamba ya chuma kwenye matengenezo, viungo vya madaraja na reli ziko kwenye kundi hilohilo. Majani yaliyolowa pia, na dizeli inayomwagika kwenye kiplefti kutoka kwenye malori yaliyojaza tangi hadi mdomoni. Hiyo utaitambua kwa harufu yake na kwa rangi za upinde wa mvua juu ya maji.

Juu ya vitu hivyo pikipiki inapaswa kupita ikiwa wima, bila breki, bila kuongeza mafuta ghafla. Reli zivuke kwa pembe inayokaribia ya mraba. Mahali pengine fuata mistari ya tairi za magari, kwa kuwa huko maji yamekwisha kusukumwa pembeni, na uepuke katikati ya njia ambako oili hudondokea.

Kuhusu breki: pikipiki inapopunguza mwendo uzito huhamia mbele, gurudumu la nyuma hubaki jepesi, na jepesi hilo ndilo linalofunga na kuteleza mapema. Anayetegemea breki ya nyuma peke yake anajinyima sehemu kubwa ya uwezo wa kusimama, jambo analoligundua siku mtoto anapokatiza barabara. Kosa halikuwa kutumia breki ya mbele. Kosa lilikuwa kuitumia pikipiki ikiwa imelala, juu ya sehemu yenye utelezi, na huenda kwa kuiminya ghafla. Tairi lina kiasi fulani cha kushika ambacho hugawanywa kati ya kupinda na kusimama. Kwenye lami kavu kinatosha kwa vyote viwili, kwenye lami iliyolowa sharti umalize kimoja ndipo uanze kingine. Punguza mwendo ukiwa wima, achia, kisha ukate kona.

Ukiwa wima na unataka kusimama, shika breki ya mbele kwa hatua mbili: kwanza kwa wepesi, hadi uhisi pua ya pikipiki inazama na tairi linakandamizwa, kisha ongeza nguvu taratibu. Fanya mazoezi hayo kwenye uwanja mtupu wenye lami, kwanza pakavu, baadaye palipolowa, hadi kidole chako kirudishe imani.

Tuchukue hesabu ili tuone kiasi cha tofauti. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa unapita karibu mita 17 kila sekunde, na mita hizo hupotea kabla hata hujagusa breki. Baada ya hapo, kama lami kavu inashika kwa kiwango cha 0.7 (kipimo cha msuguano kati ya tairi na barabara), utahitaji takribani mita 20 kusimama. Kama imelowa na inashika kwa 0.4, utahitaji takribani mita 35. Hizo ni hesabu za fizikia kwa mtu asiyefanya makosa, na hakuna mtu wa namna hiyo. Kwa hiyo ule umbali wa sekunde mbili nyuma ya gari la mbele ufanye uwe wa sekunde nne.

Unasema tairi zako si vipara. Vizuri, lakini kina cha meno ni nusu ya habari. Sheria za nchi mbalimbali huweka kiwango cha chini cha milimita 1 au 1.6, na mimi ningebadilisha tairi kabla ya kufika huko nikijua mvua inakuja. Umri nao una neno lake, kwa sababu raba huwa ngumu hata isipotumika. Ubavuni mwa tairi utaona tarakimu nne, kwa mfano 2319, maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upepo upime tairi likiwa la baridi, na kumbuka kwamba hushuka karibu paundi moja kwa kila nyuzijoto tano au sita zinazopungua, kwa hiyo tairi lililojazwa mchana wa joto litakuwa na upepo pungufu alfajiri ya baridi. Kuna watu wanaopunguza upepo kwa makusudi mvua ikinyesha wakidhani tairi litashika zaidi. Wanakosea: tairi lenye upepo mdogo hupata shida zaidi kuyakata maji, na ndivyo linavyoanza kuelea juu yake.

Ukibadilisha pikipiki siku moja, tafuta yenye ABS, yaani mfumo wa breki unaozuia magurudumu yasifunge. BMW waliiuza kwa mara ya kwanza kwenye pikipiki zao mwaka 1988, na katika Umoja wa Ulaya pikipiki zote mpya zenye injini inayozidi cc 125 zimelazimika kuwa nayo tangu 2017. Haiongezi mshiko wa barabara, na ile ya kawaida haikuokoi katikati ya kona, lakini huzuia gurudumu lisifunge hofu inapokufanya uminye breki kwa nguvu zote.

*Mwandishi, nadhani mnatutisha bure. Nimesoma kwamba uchunguzi mkubwa wa Marekani ulionyesha hali ya hewa haikuwa chanzo katika asilimia 98 ya ajali za pikipiki. Una jibu gani?*

Uchunguzi unaoutaja ninaufahamu. Ni ripoti ya Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, iliyotolewa mwaka 1981, na takwimu hiyo imo. Ila ajali walizozichunguza zilitokea Los Angeles na maeneo ya jirani, ambako mvua ni chache, na mahali popote waendesha pikipiki wengi huacha kutoka inaponyesha. Ajali chache wakati wa mvua zinaweza kumaanisha pikipiki chache barabarani, wala haziwezi kumweleza lolote mtu ambaye lazima atoke kila asubuhi.

Ningekushauri usome sehemu nyingine ya ripoti hiyohiyo. Katika ajali zilizohusisha pikipiki na gari, karibu theluthi mbili zilitokana na dereva wa gari kuinyima pikipiki haki ya kupita, na mara nyingi alisema hakuiona, au aliiona akiwa amechelewa. Sasa mweke dereva huyo nyuma ya kioo chenye matone, waipa zikipangusa, vioo vya pembeni vimejaa maji.

Utafiti wa Auckland, New Zealand, uliochapishwa mwaka 2004, uliona kwamba waliovaa mavazi yenye rangi inayong'aa au ya kuakisi mwanga walikuwa na hatari ya ajali ya majeraha iliyo ndogo kwa asilimia 37, na wenye helmeti nyeupe kwa asilimia 24 wakilinganishwa na wenye nyeusi. Rangi inayong'aa na utepe wa kuakisi ni vitu viwili tofauti. Ile ya njano kali huchochewa na miale ya jua, kwa hiyo hufanya kazi mchana na hasa alfajiri na jioni yenye mawingu, lakini usiku chini ya taa haina nguvu yoyote. Utepe wa kuakisi hurudisha mwanga wa taa za gari ulikotoka, kwa hiyo usiku ndio wake. Kizibao kiwe na vyote viwili, na kivaliwe juu ya koti la mvua na juu ya begi la mgongoni. Naona watu wengi wenye vizibao safi vilivyofunikwa na begi jeusi.

*Pikipiki yangu ya kabureta huzimika njiani asubuhi za baridi na ukungu. Nikisimama dakika chache huwaka kama vile hakuna kilichotokea. Mafundi wawili wameikagua mchana na hawakuona tatizo.*

Hawakuona kwa sababu mchana halipo. Uwezekano mkubwa ni barafu ndani ya kabureta. Petroli inapogeuka kuwa mvuke hunyonya joto kutoka kwenye hewa inayopita, na hewa ikiwa na unyevu mwingi na nyuzijoto kati ya sifuri na 10 hivi, unyevu huo huweza kuganda na kuziba njia. Ukisimama, joto la injini hupanda na kuiyeyusha, na ushahidi unatoweka. Baadhi ya pikipiki zina hita ndogo ya kabureta ambayo huenda yako imekufa au haikufungwa kabisa. Mwulize fundi kuhusu hiyo moja kwa moja. Kama inazimika kwenye mvua kubwa au baada ya kupita dimbwi, lakini si kwenye ukungu, basi ni umeme: kofia ya plagi imepasuka au waya wake unavuja. Angalia pia tundu dogo la kutolea maji kwenye mfuniko wa tangi, maana likiziba maji ya mvua hutafuta njia ya kuingia kwenye mafuta.

Wakati huohuo ikumbuke cheni. Mvua huosha grisi yote. Ipake oili ukifika nyumbani, ingali na joto la safari, ili oili iingie ndani na kukaa usiku kucha. Ukiipaka asubuhi itarukia kwenye suruali. Kwa kuisafisha tumia mafuta ya taa, usitumie petroli kama cheni yako ina mipira ya kuzibia. Na kama unakoishi barabara hunyunyiziwa chumvi dhidi ya barafu, isuuze pikipiki kwa maji baridi mara kwa mara, la sivyo kutu haitakusubiri umalize msimu.

*Shikamoo. Mimi ni muuguzi wa zamu na siwezi kukosa kazi. Ni wakati gani hasa nikubali kwamba leo pikipiki ibaki nyumbani?*

Marahaba, binti yangu. Mvua peke yake si sababu, wala baridi peke yake, kama umejiandaa. Sababu ziko nne. Barafu ni ya kwanza: nyuzijoto zikikaribia sifuri na barabara ina unyevu, madaraja na sehemu za kivuli huganda kabla ya kwingine, barafu hiyo haionekani, na hakuna ustadi wa kuendesha magurudumu mawili juu yake. Vyombo vingi vya kupima joto kwenye magari humwonya dereva kuanzia nyuzijoto 3 au 4, na wewe weka mpaka wako hapohapo. Radi ni ya pili, kwa kuwa bati la gari humkinga aliye ndani na pikipiki haina kitu kama hicho. Radi ikikukuta njiani, ingia kwenye jengo, si chini ya mti. Ya tatu ni maji yanayotiririka kukatiza barabara, hata yakionekana ya kina cha goti tu, kwa sababu yanasukuma na huoni kilichochimbwa chini. Ya nne ni upepo mkali wa ubavuni kwenye daraja au barabara ya wazi.

Uamuzi huo usiufanye mlangoni ukiwa umevaa na saa inakimbia. Ufanye usiku, kwa kuangalia utabiri, na uwe umekwisha kukubaliana na mwenzako wa zamu mwenye gari, au umeuliza saa ya basi la kwanza. Nguo zako za kazi zifunge kwenye mfuko usiopitisha maji wa kukunja mdomo, uutie ndani ya begi, na acha jozi moja ya soksi na viatu kabatini kazini. Koti na glavu zilizolowa zitundike mahali penye hewa, mbali na hita, kwa sababu ngozi ikikaushwa kwa moto hukakamaa na kupasuka, na utazihitaji tena zamu ikiisha.